MAANDAMANO NA HUKUMU YA WATAZAMAJI
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Liko swali lililowagawanya wazee na vijana katika chama chetu: je, maandamano yanayofunga barabara na maduka yanajenga au yanabomoa? Naomba ruhusa niseme machache.

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wazee waliketi katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakakataa chakula hadi wana wao waliofungwa kwa mambo ya siasa waachiliwe. Mmoja wao alikuwa Mama Monica Wangu, mzazi wa Koigi wa Wamwere, mtu wa huku kwetu Nakuru. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwajia kwa virungu na moshi wa kutoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari. Wazee mnajua uzito wa jambo hilo: mama kumvulia nguo aliye rika la mwanawe ni laana. Habari hizo ziliwatia uchungu hata watu wasiopenda siasa. Akina mama walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 karibu wana wao wote walikuwa huru.

Akina mama hao hawakumharibia mtu biashara yake. Gharama waliibeba wenyewe, kwa njaa na kwa miili yao.

Sasa tutazame Juni 2024. Vijana waliandamana katika miji mingi, Nakuru ukiwa mmojawapo, kuupinga Mswada wa Fedha, ambao mwanzoni ulitaka hata mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Wazee wengi waliwaombea heri. Tarehe 25 Bunge liliingiliwa, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Lakini mahali ambapo maduka yaliporwa, sifa ile ilichafuka. Mwenye duka aliyepoteza mali hakungoja kuambiwa kwamba mwizi si mwandamanaji. Aliwalaumu wote pamoja.

Basi, vijana, nawasihi: mama auzaye mboga sokoni si adui yenu. Mkimwaga kapu lake, mmempa mpinzani wenu shahidi.

Nanyi wazee wangu, nasema kwa heshima: mtoto asiyelia hanyonyeshwi. Kabla ya kulaani barabara iliyofungwa, tuulize ni milango mingapi ilibishwa kwanza bila kufunguliwa. Tena tusihesabu vioo vya madirisha kabla ya kuhesabu maiti, kwa maana katika siku zile makumi ya watu waliuawa. Duka hujengwa upya. Mtoto aliyezikwa harudi.

Naomba chama hiki kiwe mlango mmoja ambao kijana akibisha, atafunguliwa.