Depo ni ya wote: mjenzi achaguliwe mbele ya macho ya wote

Hotuba kwa vijana na wanachama wa ushirika, Butembo



Munajua kwa nini tuko hapa. Walimaji wamechanga pesa kwa kujenga depo ya kahawa, kakao na mahindi. Pesa ile ni ya mama mwenye anashuka na mzigo mgongoni toka shambani. Ni ya kijana wa moto mwenye alitoa mapato ya siku mbili. Kiwanja kiko, karatasi za kiwanja ziko. Swali moja tu limebaki, na njo linaleta kelele: nani atajenga?

Tumesikia majibu mengi. "Tumupe ndugu wa fulani." "Kuna fundi alijengea jirani yangu nyumba nzuri." "Tuchukue mwenye bei ya chini." Leo tunasema wazi: hapana kwa njia hiyo.

Tukiandamana, tunauliza Serikali: nani alipewa kazi hii, kwa bei gani, na alishindana na nani? Tuko na haki ya kuuliza. Sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya kazi za Serikali inasema kushindanisha njo kanuni, ile wanaita appel d'offres. Kupeana kazi mkono kwa mkono, gré à gré, ni jambo la pekee. Ushirika si Serikali, sheria ile haitulazimishi. Lakini namna gani tutadai barabarani kitu chenye sisi wenyewe hatufanyi nyumbani?

Tuelewane pia juu ya kitu kimoja: depo si nyumba ya kulala. Gunia moja la mahindi likiwa na kilo 100, ukipanga kumi moja juu ya ingine, ni tani nzima inakanyaga mahali padogo kuliko mlango. Sakafu ya nyumba haikutengenezwa kwa uzito ule. Magunia yakiegemea ukuta wenye hauna nguzo za beto na mkanda wa juu, ukuta unavimba, kisha unapasuka. Na hapa kwetu mvua haituachi, milima inateremsha maji. Sakafu isipoinuliwa juu ya udongo, bila plastiki chini ya beto, unyevu utapanda. Kakao yenye ulikausha mpaka asilimia 7, kahawa yenye ulikausha mpaka 12, vyote vitanyonya maji na kuota kuvu. Mnunuzi atakata bei, ao atakataa kabisa. Depo mbaya inakula mavuno ya mwaka mzima, na mlango umefungwa na kufuli.

Sasa, tutamutambua mjenzi wa kweli namna gani?

Kwanza, karatasi. Aonyeshe RCCM, nambari ya identification nationale na nambari ya kodi. Mwenye hana hata moja, siku akitoroka tutamufuata wapi?

Pili, kazi zake za mbele. Atutajie majengo matatu, kama inawezekana madepo. Tusiangalie picha za simu. Twende pale, siku ya mvua ikiwezekana, tuulize wenye nyumba: alimaliza kwa wakati? Aliongeza bei katikati? Paa inavuja?

Tatu, watu na vyombo. Injenieri gani atakuwa pale kila siku, kwa jina? Mashine ya kuchanganya beto iko, ao atachanganya na chepe chini? Sakafu akiisha kuimwaga, atainyweshea maji siku 7? Mwenye kujua kazi atakujibu bila kutafuta maneno.

Nne, bei yenye kufunguliwa. Tunataka devi yenye kuandika kila kitu: mifuko ya sima, unene wa fero, nambari ya mabati. Na mukumbuke: bati nambari 28 ni nene kuliko nambari 32. Hapo njo wengi wanadanganywa. Wote wapewe plan moja, wajibu jambo moja, na bahasha zifunguliwe mbele ya wanachama. Bei moja ikianguka chini sana ya zingine, tusipige makofi. Tuulize: umepunguza wapi? Mara nyingi jibu liko ndani ya beto, pahali macho hayafiki.

Tena pesa. Tusilipe yote mbele. Tutoe sehemu ya kuanzia, kisha tulipe kufuatana na kazi yenye imeonekana: msingi, kuta, paa. Tubakishe sehemu, tuseme asilimia 10, mpaka depo ipite mwaka mmoja na mvua zake. Yote iandikwe ndani ya mkataba, na tarehe ya kumaliza, na malipo ya kuchelewa. Code civil yetu, Kitabu cha III, inamubebesha mjenzi mzigo wa miaka 10 kama jengo lenye alikubali kwa bei moja linaanguka juu ya kazi mbaya. Lakini ukikosa mkataba, utaonyesha juji nini?

Na ile "opération retour"? Kiongozi mwenye anapeana kazi ili arudishiwe kitu chini ya meza, mjue pesa ile haitoki mfukoni mwa mjenzi. Inatoka ndani ya sima. Inatoka ndani ya fero. Matabishi ya leo njo ufa wa kesho.

Watu watasema: "Vijana, munatafuta kuharibia wenzenu mkate." Hapana. Ndugu wa fulani akiwa na uwezo, alete bahasha yake kama wengine, akishinda tutamupongeza. Na mafundi wetu wa mtaa, mkataba uandike wazi kwamba mjenzi atawapa kazi ya mikono. Salongo pia iko na pahali pake: kuchimba mifereji, kubeba mawe. Lakini nguzo za beto hazisimamishwi na salongo.

Tunaomba ushirika mambo matatu mbele ya kusaini chochote: kamati ya watu watano, wawili kati yao wakiwa mama walimaji, kijana mmoja mwenye alisoma ujenzi, asiye ndugu wa mjenzi, wa kufuata kazi kila siku, na bango kwenye kiwanja lenye kuonyesha jina la mjenzi, bei na tarehe ya mwisho. Sisi vijana, kazi yetu ni kupita pale na kuhesabu mifuko.

Kuuliza si uadui. Mwenye pesa yake ni safi haogopi kuhesabiwa.

Pesa ya wananchi, macho ya wananchi.