Fedha za Deni Zisipungue Njiani

(Mazungumzo mbele ya wanachama wa ushirika wa akiba na mikopo wa walimu na watumishi)



Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya madeni ya wenzetu walioko ng'ambo nilisita kidogo, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mdhamini wa mmoja wao. Mwalimu huyo alikopa katika chama hiki, akaenda Uingereza kusoma, na baadaye akapata kazi huko. Hakulikimbia deni. Kila mwezi alituma pauni 200, na kila mwezi mtunza hesabu wetu aliandika kwamba marejesho hayakutimia. Hatimaye barua ya kuzuia akiba ikanijia mimi na mdhamini mwenzangu, nasi tukaanza kumnung'unikia mtu ambaye kwa hakika alikuwa akijinyima.

Tulipokaa na stakabadhi zake ndipo ukweli ulipojitokeza. Wakala aliyemtumia alitangaza kwamba hatozi ada hata senti moja. Naam, ada hakutoza. Alijilipa katika kubadili fedha. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Ikiwa pauni 1 sokoni ni shilingi 3,300, na wakala akaihesabu kwa shilingi 3,130, basi pauni 200 zinakuwa shilingi 626,000 badala ya 660,000. Shilingi 34,000 zimebaki njiani, yaani zaidi ya asilimia 5, wala stakabadhi haizitaji popote. Wakala wa pili anatoza pauni 4 waziwazi, lakini anabadili kwa shilingi 3,290. Pauni 196 zinazosalia zinakuwa shilingi 644,840. Kama marejesho ya mwezi ni shilingi 640,000, yule wa bure amemwacha mdaiwa na upungufu wa shilingi 14,000, na yule mwenye ada amemvusha salama.

Swali la kumwuliza wakala kabla ya kumkabidhi fedha ni hili: zitafika shilingi ngapi, katika akaunti ya nani, na siku gani? Asiyeweza kulijibu, mtu aende kwa mwingine.

Jambo hili si la mwalimu mmoja. Mwaka 2009 wakuu wa nchi 8 tajiri walipokutana L'Aquila, Italia, waliahidi kuzishusha gharama hizi kutoka asilimia 10 hadi 5 katika miaka 5. Miaka hiyo ikapita na ahadi isitimie. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaweka lengo jingine, kwamba ifikapo 2030 ziwe chini ya asilimia 3. Wakati huohuo hesabu za Benki ya Dunia, ambazo hupimwa kwa mfano wa dola 200, zimeonyesha mara kwa mara kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo sehemu ya dunia iliyo ghali zaidi kupelekewa fedha. Wala mtu asidhani kwamba ukaribu ni unafuu: kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda kwa majirani zetu kumewahi kuhesabiwa miongoni mwa njia ghali kabisa duniani.

Simu zimesaidia, hilo halina ubishi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu mwaka 2008, na kuanzia 2015 watumiaji wake wa nchi hizi mbili wakaweza kutumiana. Lakini kutoa fedha hizo kwa wakala kuna makato yake, na tena mara nyingi hufikia simu ya ndugu. Hapa niseme bila kuficha: fedha ya deni ikipitia kwa shemeji hukutana na karo, msiba na bati za nyumba. Shemeji si mwizi. Shida zimemkuta na fedha mkononi. Ni heri ije moja kwa moja katika akaunti ya chama.

Kwa upande wa benki, ziko benki za njiani ambazo kila moja hukata chake kabla ya kupitisha fedha, isipokuwa mtumaji amechagua kulipia gharama zote huko aliko. Na kwa kuwa ada nyingi za benki hazitegemei ukubwa wa fedha, kutuma marejesho ya miezi 3 kwa mkupuo, kabla ya tarehe, huwa nafuu kuliko kutuma mara 3. Kuhusu hawala isiyo na leseni, ambayo wenye jamaa Oman na Dubai wanaifahamu, unafuu wake naujua. Ila fedha zikipotea, mdaiwa atatuonyesha karatasi gani?

Sisi tulioko hapa marejesho hukatwa katika mshahara kabla hatujauona. Aliye ng'ambo hana mwajiri wa kumkatia, na chama chetu hakijawahi kumwandikia hata mstari mmoja wa maelekezo. Naiomba Kamati, kabla ya mwisho wa mwezi huu, imwandikie kila mkopaji aliye nje: namba ya akaunti, jina kamili la akaunti, kiasi kwa shilingi, na tarehe ya mwisho ya kupokelewa, si ya kutumwa. Mwalimu wetu wa Uingereza amebakiza marejesho 4. Barua yake nimekwisha kuiandika, nayo iko hapa mezani inangoja sahihi ya Katibu.