Mabaka Yasiyoambukiza

(Mazungumzo ya redioni)

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wameuona kwa macho, lakini ni wachache waujuao kwa jina. Madaktari huuita soriasisi. Ni ugonjwa wa ngozi, nao hukaa na mtu miaka mingi.

Mfikirieni mama mmoja wa Dunga, pale ufuoni kando ya Ziwa Victoria, si mbali na mji wa Kisumu. Hatumtaji jina, maana watu kama yeye wako katika makanisa mengi. Alfajiri hungoja mashua zirudi, hununua ngege na mbuta, huwakaanga katika karai na kuwauza. Viwiko vyake na magoti yake vina mabaka manene yenye magamba meupe. Wateja wakiyaona, hupita kwenda meza ya jirani. Nyumbani wananong'ona kwamba ni chira, kwamba amevunja mwiko. Na kanisani, kikombe cha Meza ya Bwana kinapopitishwa, aliye karibu naye husita kunywa baada yake. Basi mama huyu huketi nyuma kabisa, amevaa mikono mirefu hata katika joto la Februari. Na Jumapili ya Ushirika Mtakatifu hubaki nyumbani.

Ndugu zetu, tumejua nini juu ya ugonjwa huu hata tukamfikisha mwenzetu hapo?

Ngozi ya mwanadamu hujifanya upya daima. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, na baada ya kama mwezi mmoja huanguka bila sisi kuona. Katika soriasisi, askari wa mwili, wale waliowekwa kupigana na vijidudu, hukosea na kuichokoza ngozi yenyewe. Ngozi huvimba, na chembe hupanda kwa siku chache tu. Zikikosa nafasi ya kuanguka, hurundikana, na hayo ndiyo magamba. Katika ngozi nyeusi mabaka huenda yasiwe mekundu. Mara nyingi huwa ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea.

Soriasisi haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kushikana mikono, wala kwa kula samaki wa mama huyu, wala kwa kulala naye kitanda kimoja, wala kwa kunywa katika kikombe alichonywea. Katika jamaa nyingine mwelekeo wa kuipata hurithiwa, kama vile urefu unavyorithiwa. Hiyo si laana.

Wengi huogopa kwamba ni ukoma. Lakini baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia, ukiligusa mtu hasikii. Baka la soriasisi husikia, tena huwasha. Hata ukoma wenyewe, ambao kijidudu chake kiligunduliwa na Daktari Hansen wa Norway mwaka 1873, siku hizi huponywa kwa vidonge. Lakini tusijifanye madaktari. Someni Mambo ya Walawi, sura ya 13. Palipokuwa na shaka, kuhani hakuruhusiwa kuhukumu kwa kutupa jicho mara moja. Alingoja siku saba, akatazama tena. Sisi je, twahukumu kwa dakika ngapi?

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio mwaka 2014 kwamba soriasisi ni ugonjwa wa kudumu, usioambukiza, wenye maumivu, na usio na dawa ya kuumaliza kabisa. Lakini waweza kutulizwa sana, na mtu akaishi vizuri. Basi tuseme machache yanayosaidia.

Kwanza, ngozi isiachwe ikauke. Baada ya kuoga, mwili ungali na unyevu, jipake vaselini.

Pili, zipo dawa za kupaka ambazo daktari huziagiza kwa kipimo: za steroidi, za lami ya makaa, na za kulainisha magamba. Ugonjwa ukienea sana, ziko dawa za kumeza. Mojawapo ni methotrekseti, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa juma, si kila siku. Haifai kwa mama mjamzito, wala haipatani na pombe.

Tatu, jihadharini na krimu za sokoni zisizojulikana zina nini ndani. Nyingine zina steroidi kali zinazodhoofisha ngozi. Na vidonge au sindano za steroidi zikiachwa ghafula, ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Nne, jueni yanayouchochea: kujikuna na majeraha, ugonjwa wa koo, pombe, tumbaku, na mahangaiko ya moyo. Hata dawa nyingine huuchochea. Klorokwini, iliyotumika miaka mingi kwa malaria, ni mojawapo. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, lakini usiache yoyote kwa shauri lako mwenyewe.

Tano, ukiamka vidole vimevimba na kukakamaa, nenda hospitali mapema, maana soriasisi huweza kuharibu viungo. Na ukiwa mkali kwa ghafula, daktari aweza kushauri upimwe virusi vya Ukimwi. Usione amekutukana; anatafuta njia ya kukusaidia.

Waganga wa ngozi si wengi, lakini wapo. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kiko kituo kinachowafundisha wahudumu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Jambo moja latuhuzunisha zaidi. Jua la kiasi, lisilounguza, huwafaa wengi wenye ugonjwa huu. Nasi kwa macho yetu makali tumemfunika mama huyu mikono mirefu, tukamnyima hata jua ambalo Mungu humpa kila mtu bure.

Wako watakaosema, "Angekuwa na imani, mabaka yangeondoka." Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao haukuondolewa, alipewa neema ya kuishi nao. Nani atasema Paulo hakuwa na imani? Tena katika Marko, sura ya kwanza, Bwana Yesu alijiwa na mtu mwenye ukoma. Angeweza kumponya kwa neno tu akiwa mbali. Lakini alinyosha mkono akamgusa. Kuponya hatukupewa sote. Kugusa twaweza sote.

Basi juma hili, mshike mkono mwenzako mwenye mabaka. Nunua samaki wake. Kama hana nauli ya kwenda hospitali, mchangieni, na mmoja wenu aende naye. Na Jumapili keti karibu naye, unywe baada yake pasipo kusita.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tuliowaogopa watoto wako. Uwape wagonjwa saburi, madaktari hekima, na sisi mikono isiyorudi nyuma. Amina.