Kijana Akitaka Kusomea Tiba ya Kazi: Tuulize Nini Kabla ya Kuuza Shamba?

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)

Najua wengine mmeacha mahindi yameanikwa na mawingu ndiyo hayo, kwa hivyo sitawachelewesha.

Mnajua kilichotuleta. Katika kikundi kimoja hapa kuna binti aliyemaliza digrii ya sosholojia. Miaka miwili sasa yuko nyumbani, mara amepata kibarua, mara hakuna. Amepata barua ya kuitwa na chuo kikuu kimoja cha Uingereza akasomee digrii ya pili, ile watu huita masta, ili awe mtaalamu wa tiba ya kazi. Baba yake anafikiria kuuza ekari moja. Kikundi kimeombwa harambee. Na watu wanaulizana: Tiba ya kazi ndiyo nini? Na mtu mwenye digrii anarudi shule tena kutafuta nini? Familia imenipa ruhusa niseme mbele yenu. Jina sitalitaja.

Kazi yenyewe ni gani?

Nianze na mama mmoja niliyemtembelea miaka michache iliyopita. Alikuwa na mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo. Shingo ya mtoto ilikuwa haishikiki, na kukaa hawezi. Mama alimbeba mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni. Shambani haendi, kwa kikundi haji. Sisi tulikuwa tunasema ameringa, kumbe mgongo umekwisha.

Nilikwenda huko pamoja na mtaalamu wa tiba ya kazi kutoka hospitali. Mimi nilidhani atatoa dawa, ama ataanza kumnyosha mtoto miguu. Hapana. Alivuta kigoda, akaketi, akamwangalia mama akimlisha mtoto uji. Aliangalia tu. Halafu akauliza, "Mama, katika kazi zako za siku nzima, ni ipi inayokushinda zaidi?" Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza yule mama swali hilo. Hata mimi sikuwa nimemwuliza.

Akachukua kamba, akampima mtoto kutoka kiunoni mpaka magotini, na kutoka magotini mpaka kwa nyayo. Tukakusanya maboksi na magazeti ya zamani. Tukapika gundi ya unga, tukabandika tabaka juu ya tabaka, tukaanika juani mpaka ikakauka kama mbao. Ufundi huu wa karatasi ulianzia Zimbabwe, na umefika kwetu. Tulipomaliza, mtoto alikuwa na kiti chake chenye meza mbele. Akakaa wima, na kupaliwa na uji kukapungua. Mama akapata mikono yake miwili. Mwezi uliofuata alikuja kwa kikundi.

Hiyo ndiyo tiba ya kazi. Wengi wanaichanganya na fizio. Hawa wawili ni majirani na hushirikiana, lakini fizio huangalia zaidi jinsi mwili unavyosonga: nguvu, viungo, kutembea. Wa tiba ya kazi anauliza: mtu huyu anataka kufanya nini, na ni kitu gani kinamzuia? Neno "kazi" hapa si ajira peke yake. Kuoga ni kazi. Kufunga vifungo vya shati, kupika, kulima, kwenda shule, hata mtoto kucheza, zote ni kazi. Mtu aliyepatwa na kiharusi anaweza kuzungushiwa mpini wa mwiko kwa mpira wa tyubu ili mkono dhaifu uushike. Mtu aliyeugua akili anasaidiwa kurudisha mpangilio wa siku yake, kidogo kidogo, mpaka aweze kufuga kuku wake tena.

Ilianza wapi?

Mwaka 1917 watu wachache walikutana Clifton Springs, jimbo la New York huko Marekani, wakaanzisha chama cha kwanza cha taifa cha kazi hii. Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa mchoraji wa ramani za majumba. Alikuwa ameugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, na upande mmoja wa mwili ukapooza. Alijiponya kwa kujirudisha kazini polepole, bustanini na kwenye useremala. Kwa hivyo mwanzo wake haukuwa kwa vitabu. Ulitoka kwa mgonjwa aliyekataa kukaa bure.

Huko Uingereza, shule ya kwanza ilifunguliwa Bristol mwaka 1930 na daktari Elizabeth Casson. Nampenda sana huyu mama. Kabla ya udaktari alifanya kazi na Octavia Hill, yule aliyesimamia nyumba za watu maskini London. Yaani alikuwa mtu wa kazi ya jamii kama mimi! Alikuwa amevuka miaka 30 alipoanza kusomea udaktari. Basi mkiambiwa msichana wa miaka 25 amechelewa kurudi darasani, msikubali.

Digrii hiyo ya pili ikoje?

Uingereza kuna njia mbili kubwa. Aliyetoka sekondari anasoma digrii ya kwanza, kwa kawaida miaka mitatu. Aliye na digrii ya kitu kingine, kama huyu binti yetu, anaweza kusoma masta ya miaka miwili inayomwandaa kusajiliwa. Msidhani miaka miwili ni nafuu. Ni mzigo wa mitatu uliofungwa kwa kamba fupi. Atasoma mwili wa binadamu, mishipa na ubongo, magonjwa ya akili, makuzi ya watoto, na namna ya kufanya utafiti. Sosholojia yake haitapotea, kwa sababu huwezi kumsaidia mtu bila kuijua nyumba anayoishi.

Lakini moyo wa masomo haya uko nje ya darasa. Shirikisho la dunia la wataalamu hawa, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi afanye si chini ya masaa 1,000 ya mazoezi pamoja na wagonjwa, akisimamiwa. Ukihesabu masaa 40 kwa wiki, hayo ni majuma 25. Ataamka gizani apande basi, aende wadi ya wazee, ama nyumbani kwa mtu, aangalie kama anaweza kujitengenezea chai bila kuungua. Masaa hayo halipwi mshahara. Na yasipotimia, hawezi kumaliza.

Akishamaliza, lazima asajiliwe na baraza la huko linaloitwa HCPC. Jina la mtaalamu wa tiba ya kazi linalindwa na sheria. Asiyesajiliwa hana ruhusa kulitumia, hata akiwa na digrii tatu ukutani.

Kosa langu mwenyewe

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Miaka iliyopita familia moja ilinijia na jambo kama hili. Kijana wao alikuwa amepata nafasi ya masta ng'ambo, na jina la masomo lilikuwa na maneno ya urekebishaji wa walemavu. Waliniuliza, "Wewe umesoma, unaonaje?" Mimi nina diploma tu, na ile masta ilining'arisha macho. Nikasema, "Digrii ni digrii. Mpelekeni." Sikuuliza swali hata moja.

Wakauza ng'ombe, wakachukua mkopo. Kijana akasoma kwa bidii akafaulu. Alipotaka kuanza kazi ndipo tulipojua: masomo yale yaliwekewa watu ambao tayari ni wataalamu waliosajiliwa, ama wanaotaka kufanya utafiti. Hayakuwa na masaa ya mazoezi. Hayakumfungulia mlango wa kusajiliwa popote. Chuo hakikumdanganya, maana ilikuwa imeandikwa kwa karatasi. Ni sisi hatukusoma. Yule baba hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi.

Kwa hivyo leo sikuja kuwaambia muuze shamba ama msiuze. Nimekuja na maswali ambayo ningeuliza siku ile.

Maswali ya kuuliza kabla ya mchango

La kwanza: je, masomo haya yanampeleka mtu kwenye kusajiliwa? HCPC ina orodha ya masomo iliyoyakubali. Jina la masomo na jina la chuo yawe ndani ya orodha hiyo, herufi kwa herufi. Binti yetu aliuliza, na tumeyaona kwa macho yetu. Hapo yuko salama.

La pili: nani atalipa mwaka wa pili? Harambee nyingi hulipa ndege na muhula wa kwanza, halafu watu wanarudi kwa shida zao. Ada ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Serikali ya huko ilianza mwaka 2020 kuwasaidia wanafunzi wa kazi hizi kwa pauni 5,000 kila mwaka, lakini anayetoka hapa kwa viza ya masomo hapati. Na msiseme "atafanya kazi jioni." Viza ya masomo ya digrii humruhusu masaa yasiyozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Akiwa kwenye mazoezi mchana kutwa, hata hayo 20 yatamshinda. Tena tangu Januari 2024, wanafunzi wa masta za kufundishwa darasani hawaruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Mwenye mtoto mchanga alifikirie hilo mapema.

La tatu: akirudi, atapokelewa? Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia mafunzo, usajili na leseni za wataalamu wa tiba ya kazi, na kuna baraza lake. Aliyesoma nje lazima apitie huko kabla ya kumgusa mgonjwa. Aandike barua kwao sasa, kabla hajaondoka, aulize watataka karatasi gani. Na kila saa ya mazoezi aitunzie kumbukumbu iliyotiwa sahihi.

La nne: je, kijana mwenyewe ameiona kazi hii? Kusikia jina zuri hakutoshi. Binti yetu nilimwomba aende hospitali ya kaunti akae na mtaalamu wiki mbili, kama wakimkubali. Walimkubali. Siku ya tatu alikuja kwangu akilia. Alikuwa amemsaidia mzee mmoja kuvaa shati dakika 40, na mzee akamtukana. Nikafikiri amekata tamaa. Akaniambia, "Hapana, auntie. Nalia kwa sababu alifunga kifungo kimoja mwenyewe." Siku hiyo niliacha kuwa na wasiwasi juu ya moyo wake. Wasiwasi uliobaki ni wa pesa.

La tano: je, kuna njia iliyo karibu? Chuo cha Mafunzo ya Kitabibu, KMTC, hufundisha diploma ya tiba ya kazi hapa kwetu kwa miaka mitatu. Mtaalamu aliyemtengenezea yule mtoto kiti alitoka huko. Msiidharau diploma. Vijana wetu wa kidato cha nne wenye alama zinazotakiwa waambiwe juu ya njia hii, kwa maana wengi hawajawahi kuisikia.

Tulipofikia

Familia imekaa chini na maswali haya. Shamba halijauzwa. Binti ameandikia chuo kuomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja, na anatafuta ufadhili. Kikundi hakikutoa zawadi. Kilimpa mkopo mdogo wa kulipia karatasi zinazohitajika, pamoja na cheti cha mwenendo mwema, na ameweka sahihi. Kila Alhamisi anajitolea kwenye kliniki ya watoto. Kama ufadhili usipopatikana, baba yake amesema wataongea tena juu ya diploma ya hapa. Binti alinyamaza aliposikia hivyo. Sitawaficha, alinyamaza sana. Lakini hakukataa.

Ndugu zangu, tumezoea kuchangia digrii kama tunavyochangia matanga: mtu anasoma jina, tunapiga makofi, pesa zinaingia kwa kikapu. Siwakatazi kuwachangia watoto wetu. Nawaomba mfanye kama alivyofanya yule mtaalamu kwa mama. Vuta kigoda, uketi, uangalie kwanza, halafu uulize.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayeshindwa kufanya kazi zake za kila siku? Tumewahi kumwuliza ni ipi inayomshinda zaidi?

2. Harambee ya mwisho ya masomo tuliyochangia, tuliuliza maswali gani kabla ya kutoa? Kijana huyo yuko wapi leo?

3. Mtoto akitaka digrii ya ng'ambo na kuna diploma hapa karibu, wazazi waamue vipi bila kumvunja moyo na bila kuuza kila kitu?

4. Kikundi chetu kinaweza kutengeneza kiti kimoja cha maboksi mwezi huu? Nani ataenda hospitalini kumwomba mtaalamu aje atuonyeshe vipimo?