Bwawa Lililokaa Bure Uani Lilete Kitoweo Mezani

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo, likisikika kwa mara ya kwanza, huchekesha: kufuga samaki katika bwawa la kuogelea lililoko uani. Najua wapo watakaosema, "Sisi na mabwawa ya kuogelea wapi na wapi?" Wana haki ya kuuliza. Hapa Njombe na Makambako, ambako mwezi Juni mtu huoga maji ya moto na bado akatetemeka, mabwawa hayo ni ya kuhesabika. Hata hivyo, ndugu zake wa karibu ni wengi: tangi la zege lililojengwa kukinga maji ya mvua kisha likaachwa, karo la kunyweshea ng'ombe lisilotumika tena, shimo lililobaki baada ya kufyatua matofali. Vyote hivyo, vikikaa bure, huzalisha mbu na kuwahatarisha watoto wetu.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwingineko. Mwaka 2009 familia moja katika mji wa Mesa, jimbo la Arizona nchini Marekani, ilinunua nyumba yenye bwawa tupu. Badala ya kulikarabati ili waogelee, waliliezeka kwa plastiki, wakafuga perege ndani yake na kupanda mboga humo humo. Lakini Arizona ni nchi ya joto. Sisi tuna baridi, na ndiyo maana leo sitawaambia mwige, nitawaambia mpime.

Kabla ya kupima, tuulize kwa nini tujisumbue. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Mkoa wa Njombe wana udumavu, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 30. Huu ndio mkoa wa mahindi, viazi mviringo na maparachichi. Hatulali njaa, ila sahani ya mtoto mara nyingi imejaa wanga huku protini ikiwa haba. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mwili wa mtoto nao hujengwa mapema, tangu mimba hadi anapotimiza miaka miwili. Umri huo ukipita, kilichopotea ni vigumu kukirejesha.

Ndugu zangu, mimi si mtaalamu wa samaki, kazi yangu ni habari. Ninachoweza kuwapa kwa uhakika ni habari ya kosa langu mwenyewe. Nyumbani kwetu Makambako kulikuwa na tangi la zege lililokaa tupu kwa miaka. Nililisafisha, nikalijaza maji, na mwezi Aprili nikapandikiza vifaranga vya sato. Mwezi Mei walikuwa wakila vizuri. Ulipofika Juni, na upepo wetu mnaoujua ukaanza kuvuma juu ya maji yaliyo wazi, waliacha kula. Nami, kwa kudhani kwamba wanaumwa njaa, nikazidisha chakula. Chakula kikaoza chini, maji yakanuka, na Julai nikawa naopoa mizoga kila asubuhi. Mama alinitazama bila kusema neno, na ule ukimya wake ulinifundisha zaidi ya kelele.

Baadaye ndipo nilipokwenda kwa Afisa Uvuvi, mahali ambapo ningepaswa kuanzia. Alinieleza kwamba sato hustawi katika maji yenye nyuzijoto kati ya 25 na 30. Maji yakishuka chini ya 20 hukua kwa kusuasua. Chini ya 16 karibu wanaacha kula kabisa. Yakikaribia 11 hufa. Kwa hiyo hapa kwetu mfugaji wa uani anapaswa kuishi kwa kalenda. Apandikize mwishoni mwa Septemba, baridi inapoondoka, na avue wote kabla ya Juni. Kipindi hicho ni takribani miezi minane. Juni hadi Agosti bwawa lipumzike, lisafishwe na kukarabatiwa.

Kipo kinga cha baridi ambacho wengi wenu mnakijua kwa nyanya: kitalu nyumba. Fremu ya mbao, ambazo Njombe hatuna uhaba nazo, ikifunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga, hulinda maji dhidi ya upepo na kuhifadhi joto la mchana. Iachwe nafasi ya hewa kupita. Wavu nao uwekwe kuwazuia mdiria na ndege wengine walao samaki.

Sasa nieleze maandalizi. Bwawa lililotumika kuogelea huwa limetiwa dawa ya klorini, nayo huua samaki. Maji hayo yaondolewe yote, kuta zisuguliwe, nalo lisuuzwe. Maji mapya ya bomba yaachwe wazi siku kadhaa kabla ya kupandikiza, kwa kuwa nayo hutiwa dawa. Kama saruji ni mpya, lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu saruji mbichi huyatia maji alkali nyingi inayowaumiza samaki. Kina cha mita 1 hadi 1.5 kinatosha.

Bwawa la zege halina tope, hivyo chakula cha asili hakijitokezi haraka. Gunia lililojazwa samadi iliyokauka na kufungwa kwenye kona hurutubisha maji mpaka yakawa ya kijani. Kipimo chake ni mkono wako. Uzamishe ukiwa umekunjua kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rutuba inatosha. Kikipotea mapema, maji yakiwa kwenye kifundo tu, rutuba imezidi, ondoa gunia. Kikionekana hata maji yanapokaribia kwapa, bado ongeza.

Lishe ni pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Wape mara mbili, saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri, maji yanapokuwa na joto, na uwape kile wanachokimaliza kwa dakika chache tu. Ukiwaona alfajiri wamekuja juu wanahema, maji yamepungukiwa hewa: acha kulisha siku hiyo na uongeze maji mapya kwa kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Naomba sasa tufanye hesabu kwa uaminifu, kwa kuwa wapo wanaopita mitaani wakiahidi utajiri. Chukueni bwawa la mita 8 kwa 4. Eneo lake ni mita za mraba 32. Bila mashine ya kupuliza hewa, mtu anayeanza asizidishe samaki 3 kwa kila mita ya mraba, yaani wasiozidi 96. Tuseme 80 wanafika mwisho wakiwa na gramu 200 kila mmoja. Hizo ni kilo 16. Kwa biashara, kilo 16 ni kichekesho. Kwa jikoni, ni samaki 4 kwa mlo mmoja, milo 20 ya familia, ambayo hakuna aliyeingia sokoni kuinunua. Anayetaka biashara aandae mtaji wa biashara. Anayetaka kitoweo cha watoto, bwawa la uani linamtosha.

Nigusie sheria kwa ufupi. Chagueni vifaranga vya dume, visije vikazaliana na kujazana bwawani, na mnunue katika vituo vinavyotambulika. Jirani zetu wa Songea wana kituo cha Serikali cha Ruhila. Msiwaachie sato mtoni, kwa sababu huchanganyika na perege wa asili wa mito yetu na kuharibu kizazi chao. Kuchepusha maji ya mto au chemchemi kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hii ndiyo faida kubwa ya bwawa la uani: halikulazimishi kuchimba kwenye vinyungu. Na maji yake mnapoyabadilisha yamwageni bustanini, kwani yana mbolea.

La mwisho nalisema kwa msisitizo. Maji yanayofuga samaki ndiyo hayo hayo yanayoweza kumzamisha mtoto. Kabla ya kifaranga cha kwanza kuingia bwawani, uwepo uzio ambao mtoto hawezi kuupanda, na mlango wenye kufuli. Asiyeweza kujenga uzio afukie shimo. Hatuwezi kumtafutia mtoto lishe kwa chombo kitakachompoteza.

Kwa yeyote mwenye bwawa, tangi au karo lililokaa bure, fikeni Ofisi ya Mtendaji wa Kata, mjiandikishe na kuomba kutembelewa na Afisa Uvuvi kabla ya kununua chochote. Septemba iwakute mmekwisha kujiandaa. Mimi wa kwangu wa mara ya pili niliwapandikiza Oktoba. Mwezi Mei mama alikaanga samaki wanane, akawaita wajukuu, na safari hii alisema neno: "Mwakani ongeza."