Ruzuku ya Umma na Vyuo vya Dini Vinavyobagua

Nchini Marekani, mwanafunzi wa kipato cha chini hupewa na serikali kuu ruzuku ya Pell, naye anaweza kulipia karo katika chuo cha dini ambacho kanuni zake zinaruhusu afukuzwe akijulikana ana mpenzi wa jinsia yake. Sheria ya elimu ya mwaka 1972, sehemu ya tisa, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika masomo yanayopokea fedha za serikali hiyo. Lakini inavisamehe vyuo vilivyo chini ya taasisi za dini pale katazo linapogongana na imani yao, na tangu 2020 ni wazi kwamba chuo hakilazimiki hata kuandika barua kuudai msamaha huo. Ninachotetea hapa ni jambo moja: chuo kifundishe imani yake kitakavyo, ila kisimfukuze mtu huku kikiendeshwa kwa kodi, ikiwemo kodi ya wazazi wa huyo anayefukuzwa.

Watetezi wa msamaha husema fedha ni za mwanafunzi, chuo kinapokea karo tu. Jibu lilitolewa zamani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri la Grove City, chuo cha Kikristo cha Pennsylvania, kwamba ruzuku anayopewa mwanafunzi ni msaada kwa chuo pia; mwaka 1988 Bunge likapanua masharti yakagusa chuo kizima. Grove City kikajitoa kwenye fedha hizo, na hadi leo kinaendelea. Binafsi nakiheshimu kwa hilo kuliko vyuo vinavyotaka ruzuku bila masharti yake.

Pingamizi zito zaidi ni uhuru wa kuabudu. Wanafunzi walioupinga msamaha huo mahakamani huko Oregon mwaka 2021 walishindwa, na rufaa yao ikakataliwa 2024. Hata hivyo, mahakama kusema msamaha haukiuki katiba si kusema katiba inaulazimisha. Bunge lililoutoa linaweza kuupunguza. Chuo Kikuu cha Bob Jones nacho kilitaja Biblia kilipokataza uchumba kati ya watu wa rangi tofauti, na mwaka 1983 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 dhidi ya 1, ikaridhia kinyang'anywe msamaha wa kodi. Wapo wanaosema rangi si sawa na mapenzi. Sawa, lakini kwa aliyefukuzwa katikati ya shahada hasara ni ileile.

Linabaki suala la wanafunzi maskini wanaosoma katika vyuo hivi: watafanyaje ruzuku ikikatwa? Hofu hiyo ilichangia kulainisha muswada wa California wa kuvibana vyuo vyenye msamaha mwaka 2016, hadi ukabaki kuvitaka vyuo vitangaze kwamba vina msamaha. Tangazo humfaa anayejijua kabla ya kujiunga. Aliyejitambua mwaka wa pili halimfai kitu. Kwa hiyo napendekeza ruzuku iendelee kwa sharti moja: mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa asifukuzwe kwa sababu ya mapenzi yake.