Nakala ya Pili Ikae Wapi?

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata



Katika mkutano uliopita mliuliza: kompyuta zikiungua, kumbukumbu zetu za viwanja, ushuru na matibabu zitapatikana wapi? Swali hilo linastahili jibu kamili.

Miaka iliyopita nilifanya kazi katika ofisi iliyotunza orodha ya viwanja ndani ya kompyuta moja. Radi ilipiga, na orodha ikapotea. Mama mmoja mjane alibaki na kiwanja chake kwa sababu tu alikuwa ameifunga stakabadhi yake katika pindo la kanga. Jirani yake hakuwa na karatasi, naye alihangaika kwa muda mrefu.

Msidhani hayo huwapata wanyonge peke yao. Septemba 26, 2025, moto wa betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, na mifumo 709 ya serikali ikasimama. Hifadhi moja ya nyaraka za watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliteketea bila kuwa na nakala nje ya kituo hicho. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Katika kutunza taarifa, anayeshika moja ndiye anayebaki mikono mitupu.

Kinga yake ni kuweka taarifa ileile katika vituo viwili au zaidi vilivyo mbalimbali. Vituo vikiwa karibu, malipo yako huandikwa kotekote kwanza, ndipo mfumo unapokujibu kwamba yamepokelewa. Kimoja kikianguka, cha pili huendelea na hakuna kinachopotea. Lakini mwanga ndani ya mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kilomita 100 kati ya vituo huongeza angalau milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Vituo vikiwa mbali sana, mfumo huwa mzito. Hapo nakala ya mbali hufuata nyuma kidogo, na ajali ikitokea maandishi ya sekunde za mwisho huweza kupotea. Ukaribu hulinda kila shilingi. Umbali hulinda dhidi ya mafuriko au moto unaokumba mji mzima.

Lipo pia tatizo la mawasiliano kukatika. Kila kituo hudhani mwenzake amekufa, vyote viwili huendelea kuandika, na kesho yake kiwanja kimoja kina wamiliki wawili. Ndiyo maana huwekwa shahidi wa tatu, mahali pengine: upande unaopata kura mbili kati ya tatu ndio unaoendelea, na mwingine husubiri.

Hata hivyo, vituo vingi si dawa ya kila ugonjwa. Mtumishi akifuta jina lako kwa makosa, kosa hilo hunakiliwa kotekote papo hapo. Kwa hiyo lazima iwepo nakala ya akiba ya tarehe za nyuma, isiyounganishwa na mtandao, nayo ijaribiwe mara kwa mara. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Ndugu wananchi, mfumo mpya wowote utakapoletwa mbele yenu, ulizeni maswali matatu. Nakala ya pili iko wapi? Ni lini mara ya mwisho mliijaribu? Kituo kimoja kikizimika, huduma itarejea baada ya muda gani? Jambo hili lina gharama, nalo hushindana na madawati na dawa katika bajeti ileile. Ni haki yenu kuliamua mkiwa mnalifahamu.

Nanyi pia tunzeni stakabadhi zenu. Pindo la kanga la yule mama lilikuwa kituo cha pili.